Mbwa Asiyekunywa Maji Akitazamwa

Mbwa wetu hakuwa na jina. Baba alimwita kwa mluzi, na mluzi ule alikwenda nao kaburini. Mama hakuweza kupiga mluzi, na hata kama angeweza asingepiga, kwa kuwa kwetu mwanamke apigaye mluzi husemwa. Yeye aligonga chini kwa fimbo yake ya mpera. Akigonga mara mbili, mbwa alikuja. Akigonga mara moja, mbwa alisimama pale alipo. Akiishika fimbo kwa ubavu, maana yake usipite hapa.

Fimbo ile ndiyo iliyokuwa kipimo cha mambo yote kati yao. Mbwa alitembea nyuma ya mama kwa urefu wa fimbo, wala hakusogea zaidi. Mama alikuwa mtu wa swala tano, na mate ya mbwa ni najisi nzito: yakikugusa, unaosha mara saba, na mara moja katika hizo saba unatia udongo. Kwa hiyo mama hakumgusa kabisa. Chakula chake, ukoko wa ugali na mifupa, alikisukuma kwa ncha ya fimbo ndani ya kigae cha chungu kilichovunjika, kilichokaa nyuma ya nyumba chini ya mti wa mpera. Maji yake yalimiminwa katika kigae cha pili.

Majirani walipomuuliza kwa nini Mwislamu anafuga mbwa, alijibu kwa sentensi moja, sikuzote ileile: "Huyu ni wa shamba." Alikuwa amekwisha kumwuliza mwalimu wa chuo cha Kurani, naye alimwambia kwamba mbwa wa kuwinda na mbwa wa kulinda mazao hawana makosa. Baada ya hapo mama hakumsikiliza mtu mwingine.

Tulikaa Bigwa, mahali mlima unapoanza kuinuka. Nilikuwa msichana niliyekwisha kuanza kufunga Ramadhani siku zote thelathini. Wadachi walikuwa bomani mjini, na gari la moshi lilikuwa limefika Morogoro mwaka uliopita. Mwaka huohuo wa gari la moshi baba alikufa kwa homa.

Kwetu mali ya mwanamume haiendi kwa mkewe wala kwa wanawe. Huenda kwa watoto wa dada yake. Wapwa wa baba waliteremka kutoka upande wa Mgeta baada ya arobaini. Walikuwa vijana wawili wenye adabu. Walichukua upinde, mundu, shoka na kanzu moja, kisha wakamfunga mbwa kamba wakaondoka naye. Mama alisimama mlangoni akawaaga. Hakusema neno juu ya mbwa, kwa kuwa haikuwa haki yake kusema.

Siku ya tatu mbwa alikuwa chini ya mpera.

Wapwa walirudi wakamchukua tena, naye akarudi tena. Mara ya tatu alikuja na kipande cha kamba shingoni na jeraha kwenye mguu wa nyuma. Mpwa mkubwa aliyemfuata aliketi kwenye kigoda, akanywa maji, akamtazama mbwa kwa muda mrefu.

"Mama," alisema, "mbwa huyu hatukumrithi sisi. Yeye ndiye anayechagua wa kumrithi. Kaa naye."

"Mmeniachia wenyewe?"

"Tumekuachia."

"Useme mbele ya huyu mtoto."

Mpwa alicheka, akanigeukia, akalisema tena mbele yangu. Ndivyo mbwa alivyokuwa wa mama. Mama alichukua fimbo, akagonga mara mbili, na mbwa akaja akasimama kwa umbali wake uleule.

Alikuwa mbwa wa rangi ya udongo mkavu, mguu mmoja mweupe, sikio la kushoto limekunjika kama jani la mgomba lililovunjwa na upepo. Tabia zake nilizijua moja moja. Aliogopa kuku, kwa sababu kuku mwenye vifaranga alimdonoa puani akiwa mdogo. Kuku akija, mbwa aliyefukuza nyani alijikunyata ukutani. Aliwachukia punda wa wachuuzi waliopita kwenda Mwembesongo, ila hakuwauma, aliwakalia kisogo tu. Sauti ya mchi kinuni ilimpa usingizi. Na jambo kubwa kuliko yote, hakula wala hakunywa mbele ya macho ya mtu. Ungeweka kigae ukasimama hapo, angekaa na mgongo wake kwako mpaka jua lizame. Ukiondoka na kurudi, kigae kilikuwa kitupu na mbwa anaangalia mlima kana kwamba hajui habari ile. Mimi nilijificha mara nyingi kumvizia. Sikufaulu hata mara moja.

Mama naye alijua. Akimwekea chakula alikuwa akisema, "Haya, nimeondoka," halafu akaondoka kweli. Kwa mama, kumwambia hivyo mbwa ilikuwa heshima kubwa. Sisi watoto hatukuagwa.

Shamba letu lilikuwa mwendo mfupi juu ya nyumba, karibu na msitu, mahindi na mtama. Nyani waliteremka asubuhi kundi zima, na mwanamke peke yake hawamwogopi. Humtazama, wakaendelea kuvunja mahindi. Mbwa ndiye waliyemwogopa. Mwaka ule wa kwanza wa ujane wa mama tulivuna kwa sababu yake, na mwaka wa pili mahindi yalikuwa yamekwisha kubeba wakati mbiu ilipopigwa.

Mjini Mwembesongo mbwa mwenye kichaa alikuwa amemuuma mtu na punda. Sikuona mwenyewe, niliyasikia kwa jirani yetu, mwanamke aliyekuwa shoga wa mama tangu utoto. Mpiga mbiu alipita na pembe lake akatangaza amri ya bomani: mbwa wote wa mjini na wa pembezoni wafungwe kamba mpaka mwezi mwingine uandame. Atakayeonekana anatembea apigwe risasi. Atakayetokwa na povu apigwe risasi hata akiwa amefungwa.

Wengi hawakungoja. Waliwaua mbwa wao wenyewe siku ileile, maana kumlisha mbwa aliyefungwa mwezi mzima ni kazi, na wengi hawakuona faida yake. Upande wetu wa njia walibaki mbwa watatu.

"Na wewe?" shoga yake alimwuliza mama.

"Amri imesema afungwe. Nitamfunga."

"Na nyani?"

"Nyani nitawafukuza mimi."

Alimfunga bila kumgusa. Alitengeneza kitanzi cha kamba ya ukindu, akakining'iniza kwenye ncha ya fimbo, akampitishia mbwa kichwani kama mtu anayetungua embe. Mbwa alikaa kimya. Nadhani alidhani ni mchezo mpya wa fimbo.

Siku mbili mama alikwenda shambani alfajiri, akapanda dungu la kulindia mazao, akapiga debe na kupaza sauti mpaka ikakauka. Siku ya tatu nyani walimzoea. Nilikuwa nyumbani nikipeta mahindi. Nilimsikia mama akipiga kelele kutoka juu, si ile ya kufukuza bali ya hasira, na mbwa alisikia pia. Alisimama, akaitafuna kamba kwa meno ya pembeni kama mtu anayekula muwa. Nilimkimbilia nikiwa nimechelewa. Alinipita na kipande cha kamba kinaruka nyuma yake.

Yaliyotokea shambani nimeyapata kwa mama. Nyani walikimbia. Mbwa aliwafuata mpaka kwenye kijito, akarudi, na njiani akakutana na chura mkubwa, wale wenye vipele mgongoni. Akamng'ata. Kila mtu wa kwetu anajua kwamba mbwa aking'ata chura yule mdomo humchoma na hutokwa na povu jingi. Ila sharti ujue kwamba ni chura. Mtu wa jumbe wa kijiji, aliyekuwa akipita njiani kukagua mbwa, alimwona mbwa aliyekata kamba, anatikisa kichwa, mdomo umejaa povu jeupe. Hakungoja kumwona chura. Alikimbia kuelekea mjini, kanzu ameishika mkononi.

Mama aliteremka na mbwa nyuma yake, kwa urefu wa fimbo. Alimfunga tena, safari hii kwa kamba mbili. Shoga yake alikuja mbio.

"Mpeleke mlimani! Mpe huyu binti aende naye Mgeta sasa hivi, kabla hawajaja."

"Wapwa walimpeleka Mgeta mara tatu," mama alisema. "Alirudi mara tatu. Akirudi mara ya nne atapigwa risasi njiani nami sipo."

"Basi mfiche."

"Anayefichwa ni mbwa mwenye kichaa. Huyu hana kichaa, ana chura."

"Utawaambia hivyo bomani? Kwamba ana chura?"

"Nitawaambia."

Akachukua ungo, akaketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, akaanza kupeta mahindi niliyoyaacha. Mikono yake ilipeta kama siku zote. Niliitazama makusudi.

Walifika baada ya adhuhuri, wawili: yule mtu wa jumbe, na askari mwenye bunduki na kofia ile ndefu yenye ndege wa bati mbele. Nilimwamkia askari, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akaita, "Hodi wenyewe!"

"Hodi ya nani?" mama alijibu bila kuacha kupeta.

"Ya serikali."

"Serikali leo ina sauti ya Kinyamwezi."

Askari alisimama pale pale. Uso wake ulibadilika kama mtu aliyesikia wimbo wa kwao. Wanyamwezi na sisi ni watani tangu siku za misafara, walipokuwa wakipita chini ya milima yetu kwenda pwani na kurudi. Mtani wako anaweza kukutukana, kukunyang'anya, kukucheka msibani, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, mkosi ni wako.

"Alaa! Mluguru!" askari alisema. "Nyinyi mmeteremka lini huko mitini? Nani aliwafundisha kutembea mahali pasipo na mteremko?"

"Tuliteremka kuwatazama nyinyi mkipita na mizigo ya watu. Tukasema, masikini, wale shingo zao zimeingia tumboni."

"Zimeingia, lakini tumeona bahari. Wewe umeona nini? Ukungu!"

"Nimeona Mnyamwezi amevaa viatu. Sasa naweza kufa."

Askari alicheka mpaka akaegemeza bunduki ukutani. Alivua kofia, akafuta jasho kwa mkono, na kofia akaiweka juu ya mdomo wa kinu kilichokuwa pale pembeni. Mama alinyoosha mkono kama mtu anayechukua kata ya maji. Akainuka kidogo, akaiweka kofia juu ya kigoda, akaikalia.

Askari aligeuka, akatazama kinu.

"Mtani," askari alisema. "Kofia."

"Kofia gani?"

"Hiyo unayoikalia."

"Nimekalia kigoda changu. Nilipewa na mama yangu."

"Mwanamke wewe, ile ni kofia ya serikali! Nikirudi bomani kichwa wazi, ni viboko hamsa ishirini matakoni."

"Usirudi, basi. Kaa hapa nikuoe. Mume wangu amekufa, nami nina mizigo mingi ya kubebwa."

Mtu wa jumbe alishindwa kuvumilia. "Mama, hii ni amri, si mchezo! Afande, mwondoe hapo!"

Askari alimgeukia yeye, na hapo ndipo nilipomwona amekasirika kweli. "Wewe nyamaza. Nimguse mtani wangu kwa nguvu, nipate mkosi? Umezaliwa wapi wewe?" Kisha akachuchumaa mbele ya mama. "Haya, sema. Unataka nini uniachie?"

"Roho ya mbwa."

Askari aliangalia nyuma ya nyumba, ambako mbwa alikuwa amelala na kamba zake mbili. Alikuna kichwa. Hakuwa akitania tena, na mama hakuwa akitania tena, ingawa wote wawili walikuwa bado ndani ya utani.

"Roho ya mbwa si yangu kuitoa," alisema. "Huyu hapa ameona povu, na amekwisha kusema bomani."

"Ameona chura."

"Huenda. Sasa sikiliza. Huko kwetu Tabora nimewaona mbwa wenye kichaa. Mbwa mwenye kichaa hawezi maji. Akiyaona koo lake linafunga. Mpe huyu maji. Akinywa mbele ya macho yangu, nitakwenda kusema nimeona mbwa mzima anayekunywa maji. Asipokunywa, utanipa kofia, nitafanya kazi niliyotumwa, nawe hutanikasirikia."

Utani unafunga pande zote mbili.

"Sitakukasirikia," alisema.

Nilipeleka maji. Nilikwenda polepole, maana nilijua lile ambalo mama alilijua na askari hakulijua. Niliyamimina katika kigae, nikarudi nyuma. Mbwa aliyanusa. Aliinua macho, akatuona tumesimama: askari, mtu wa jumbe, shoga ya mama, mimi na mama mwenyewe aliyekuja na kofia ameishika chini ya kanga. Mbwa aligeuka akakaa, mgongo wake kwetu.

"Unaona?" mtu wa jumbe alisema.

"Mtani," mama alisema, "huyu ana haya. Hanywi akitazamwa. Geuka kidogo tu, usikie anavyolamba."

"Nimetumwa kuona. Sikutumwa kusikia."

"Geuka nusu."

"Hapana, mtani. Nikigeuka nikaambiwa nimedanganywa na mwanamke, wataniuliza, uliona? Nitasema nini?"

Tulingoja. Nilikisogeza kigae upande wa pili, mbele ya uso wake. Mbwa alikiangalia, akageuka tena. Mdomo wake ulikuwa bado umevimba kidogo kwa ule uchungu wa chura. Askari alikwenda ukutani, akachukua bunduki. Nilisikia chuma kikivutwa na kurudishwa. Shoga ya mama alifunika uso.

Mama alinipa kofia niishike. Fimbo yake aliiegemeza kwenye mpera. Hilo ndilo nililoliona kwanza, fimbo imesimama peke yake, na ilinishangaza kuliko bunduki. Akaenda hatua zile tatu ambazo hakuwahi kuzipiga tangu mbwa aingie nyumbani kwetu. Akapiga magoti mbele yake, mahali ambapo mwili wake ulimkinga mbwa na macho ya watu wote isipokuwa askari aliyesimama pembeni. Akachota maji kwa viganja viwili.

"Haya," alisema. "Leo siondoki."

Mbwa hakumtazama usoni. Aliiangalia ile mikono. Nadhani alikuwa hajapata kuiona karibu hivyo. Maji yalikuwa yakivuja kati ya vidole na mama hakuvikaza, aliacha yavuje. Kisha mbwa akashusha kichwa akalamba. Alilamba mpaka maji yakaisha, akaendelea kulamba viganja vitupu. Mama akachota tena, naye akanywa tena. Akachota mara ya tatu.

"Basi, basi," askari alisema. "Nimeona. Atakunywa mto mzima." Akatoa risasi kwenye bunduki, akamwambia mtu wa jumbe, "Na wewe umeona."

"Nimeona," mtu wa jumbe alisema taratibu.

"Haya, mtani, kofia yangu."

Mama alisimama na mikono mbele, mbali na nguo zake. "Mimi ndiye niliyeichukua, na mimi ndiye nitakayeirudisha. Lakini kwa mikono hii? Ina mate ya mbwa. Nitaishikaje kofia ya serikali? Ngoja nioshe."

"Osha upesi."

"Mara saba."

"Mara saba!"

"Na moja kwa udongo. Wewe ni Mwislamu au ni mzigo tu?"

Alichuchumaa kando ya nyumba, nami nikammiminia. Mara ya kwanza alijipaka udongo mwekundu wa pale chini ya mpera. Askari, akiwa kichwa wazi juani, alihesabu kwa sauti: ya pili, ya tatu, ya nne. Kwenye ya tano mama alisema amesahau, tuanze upya, na askari akapiga kelele kwamba Waluguru watamwua. Hakuanza upya. Alipomaliza alifuta mikono, akachukua kofia kwangu, akaipigapiga ipate umbo lake, ingawa ndege wa bati alikuwa amepinda bawa moja, akampa kwa mikono miwili. Alimpa pia mahindi mabichi manne. Askari aliyapokea akasema ni mahari ndogo sana.

Amri haikuondolewa, na mama hakuomba iondolewe kwake. Ila kuanzia kesho yake alimfunga mbwa shambani, chini ya nguzo za dungu, kwa kamba ndefu ya kumfikisha mwisho wa mistari ya mahindi. Nyani walipomwona walirudi juu. Mwezi ulipoandama mama alimvua kitanzi kwa ncha ya fimbo, kama alivyokuwa amemvika. Mwaka ule tulivuna.

Mambo yangerudi yalivyokuwa, lakini mbwa hakukubali. Chakula alikula peke yake kama zamani. Maji aliyakataa. Kigae kilikaa kimejaa mpaka majani ya mpera yakatanda juu yake, naye akawa anakwenda kukaa mbele ya mama, kwa umbali wa fimbo, akiitazama mikono yake. Siku ya kwanza mama alimfukuza. Siku ya pili alimgombeza, akamwambia kwamba yeye si mtumwa wake. Siku ya tatu jua lilikuwa kali, na nilimwona mama ameegemeza fimbo kwenye mpera.

Tangu hapo ikawa kila siku kabla ya adhuhuri. Alimnywesha kwa viganja, kisha akaosha mara saba, mara moja kwa udongo, akatawadha, akaswali. Maji ya kuoshea yalitoka kijitoni, na aliyeyachota ni mimi. Mtungi wa pili, kila siku, kupanda na kushuka. Siku moja nilichoka, nikamwambia mama kwamba mbwa ana kigae chake, na dini haikumlazimisha mtu kujitafutia najisi ili apate kuiosha.

Alikuwa ameketi akikwaruza udongo mkavu kwa kucha, akiuweka tayari pembeni.

"Umemaliza kusema?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Basi chukua mtungi. Jua limefika utosini, na mwenzio ana kiu."